Wati Nazo ni Mizani: Tusipunjane

Mtu wa pwani hapunjwi kibaba akanyamaza. Akienda Marikiti kununua mchele wa pilau, jicho lake haliondoki kwenye mizani, na mwenye duka akilegeza mkono kidogo tu, atasikia maneno ambayo hatayasahau mpaka Idi. Wazee wetu walipima kwa kibaba na pishi, pishi moja vibaba vinne. Kisha ikaja ratili, kisha kilo. Kila kipimo kilichokuja tulijifunza kukisoma, hata mtoto aliyetumwa dukani akajua kama amepewa haki yake au la. Lakini kimetufikia kipimo kimoja ambacho twapunjwa nacho mchana kweupe, twalipa, twatoa shukrani, kisha twaondoka na mzigo wetu tukidhani tumenunua. Kipimo hicho ni wati.

Nazungumzia kile kisanduku cha bati kilichomo ndani ya kompyuta ya mezani, ambacho kazi yake ni kupokea umeme wa ukutani na kuugawia mtambo mzima. Mafundi hukiita pawasaplai. Ndicho kinachovuma na kukoroma mchana kutwa katika maduka ya kupigisha chapa, katika afisi za wakala wa mizigo na katika vyumba vya madrasa zetu. Kauli yangu katika makala haya ni moja: anayeuza kisanduku kilichoandikwa wati 500, hali ya kuwa ndani hakina hata 200, amepunja mizani sawasawa na mpunjaji wa mchele, na sisi tunaosikia kelele zake tukaziba masikio twamsaidia katika kupunja huko.

Kazi yake

Umeme wa ukutani hapa kwetu ni wa volti 240, nao huenda na kurudi mara 50 katika kila sekunde. Kompyuta haiwezi kuula umeme huo ukiwa mbichi. Yataka umeme mpole usioyumba, wa volti 12, volti 5 na volti 3.3, tena yataka viwango hivyo visipande wala visishuke kupita asilimia 5. Maana yake ni kuwa ile njia ya volti 12 haifai kwenda chini ya 11.4 wala juu ya 12.6. Kampuni ya Intel ilitoa kanuni za mtindo uitwao ATX mwaka wa 1995, na watengenezaji wengi wakazifuata. Ndiyo sababu kisanduku kilichotolewa katika kompyuta moja mara nyingi chaweza kutiwa katika nyingine. Urahisi huo ulifungua soko, na soko lilipofunguka, waaminifu na wapunjaji waliingia kwa mlango mmoja.

Yafaa ieleweke kwamba kisanduku kibovu hakifi peke yake. Volti zikiruka, chaweza kuondoka na ubao mkuu na diski pamoja. Na diski ndiyo yenye amana za watu: hesabu za duka na madeni yake, orodha ya watoto wa madrasa na karo zao, picha za harusi, barua na wasia wa mzee ambaye leo hayupo. Basi kitu cha bei ya chini chaweza kuteketeza kitu kisichokuwa na bei. Fauka ya hayo, kuna moto. Katika Mji wa Kale wa Mombasa, na zaidi huko Lamu, nyumba zimeegemeana bega kwa bega na vichochoro havipitishi gari la zimamoto. Cheche itokayo katika kisanduku cha fulani haiulizi ukuta ni wa nani.

Sikia mlio wake

Malalamiko yanayosikika sana ni ya kelele. Mtu husema, "Kompyuta yangu yapiga kelele, lakini yafanya kazi," kana kwamba hiyo lakini ndiyo dawa. Kelele hizi si za aina moja, na mtu akijua kuzitenga atajua lini avumilie na lini akimbie.

Kuna mkoromo wa asubuhi, unaokwaruza wakati mtambo unapowashwa, kisha ukapungua baada ya dakika chache. Huo aghlabu ni wa panka. Mhimili wake umekauka mafuta. Ukipata joto hulainika kidogo, na mwenye mtambo hudhani umepona. Haukupona. Kila wiki utakoroma kwa muda mrefu zaidi, mpaka siku moja usimame. Kuna mlio wa tik-tik-tik, ambao mara nyingi ni waya uliolegea ukaguswa na mabawa ya panka, au bawa lililovunjika ncha. Huo ni mdogo kuutengeneza, lakini ukiachwa waya huchunika.

Kuna mluzi mwembamba, kama wa mbu aliye mbali, unaobadilika kila mtambo unapofanya kazi nzito. Huo hutoka katika zile koili za waya zilizomo ndani, ambazo hutikisika kwa kasi umeme unapozipitia. Mluzi huo huudhi, ila mara nyingi hauna madhara. Kisanduku kizuri pia chaweza kupiga mluzi. Lakini kisanduku kilichokaa miaka kimya, kisha ghafla kikaanza kupiga mluzi, chataka kuangaliwa, kwa kuwa huenda kapasita zake zimechoka. Kisha kuna sauti za kupasuka, pa! pa!, pamoja na harufu ya kitu kinachoungua. Hapo hakuna mjadala wala kumsubiri fundi: zima ukutani, chomoa plagi, na usijaribu tena.

La tano ni kimya. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, na sijui msemo uwezao kulieleza jambo hili vizuri zaidi. Viko visanduku vipya vya bei ya juu ambavyo panka lake husimama kwa makusudi kazi inapokuwa nyepesi. Lakini kisanduku cha kawaida kilichokuwa kikivuma kila siku, kisha kikanyamaza ilhali mtambo ungali unawaka, hicho panka lake limekufa, na kila kilichomo ndani chapikwa. Kapasita ni kitu kinachoogopa joto: hesabu ya mafundi ni kuwa kila nyuzi 10 za selisiasi zinazoongezeka hupunguza umri wake kwa nusu. Mwenye duka husema, "Alhamdulillahi, ile kelele imekwisha," na kumbe kilichokwisha ni umri wa mtambo wake.

Wengi wetu hujibu kelele hizi kwa tiba za ajabu. Kuna anayeupiga mtambo kofi la ubavuni. Kuna anayefunika matundu ya nyuma kwa kitambaa ili sauti ipungue, akawa ameiziba pumzi yake. Kuna anayetia panka mafuta ya kupikia, ambayo kwa joto hugeuka gundi, yakakamata vumbi na kulikaba panka lote.

Chumvi, vumbi na umeme wetu

Ni kweli kwamba sisi watu wa pwani tuna mitihani yetu. Upepo unaotoka baharini umebeba chumvi, na chumvi ikichanganyika na unyevu hula bati, hula skrubu, na hula lehemu iliyoshika waya. Wakati wa masika, dirisha likiwa wazi siku nzima, vumbi lililokwisha kulala ndani ya kisanduku hulowa, na vumbi lililolowa chumvi hupitisha umeme mahali usipotakiwa kupita. Aidha umeme ukikatika na kurudi, hurudi kwa kishindo. Kwa hiyo si sawa kumlaumu muuzaji kwa kila kisanduku kinachokufa. Mtambo uliowekwa sakafuni karibu na mlango, ukala mchanga wa barabara mwaka mzima bila kupulizwa vumbi, ukifa umeuawa na mwenyewe.

Lakini tahadhari, ndugu msomaji: kusafisha kwa nje ni kazi yako, kukifungua kisanduku si kazi yako. Ndani yake zimo kapasita kubwa ambazo huhifadhi umeme wa zaidi ya volti 300, na umeme huo waweza kubakia humo hata baada ya plagi kuchomolewa. Wako waliodhani kuwa kitu kilichochomolewa kimekufa. Mpe fundi anayejua kuumwaga umeme huo kwanza, na anayeshika mita kabla hajashika bisibisi.

Lebo za uongo

Sasa tuje kwenye soko lenyewe. Kisanduku kipya cha bei ya chini huja na karatasi ubavuni, na juu yake imeandikwa kwa herufi kubwa: wati 450, wati 500, wati 600. Mshitiri husoma hapo akatosheka. Laiti angeshusha macho kidogo, angeona jedwali lenye herufi ndogo linaloeleza kila njia yatoa ampia ngapi. Kompyuta za siku hizi hula karibu chakula chao chote katika njia ya volti 12. Basi zidisha mwenyewe: ikiwa njia hiyo imeandikwa ampia 16, mara volti 12, wapata wati 192. Zile 500 ziko wapi? Kwa uchache zimetokana na kujumlisha njia ambazo hazihitajiki, au ni nguvu ya nukta moja tu ambayo kisanduku hakiwezi kuihimili kwa dakika tano. Na huyo angalau ameandika ukweli wake kwa herufi ndogo. Yuko ambaye hata jedwali lenyewe ni la kubuni.

Ukifungua ndani, uongo huo waonekana kwa macho. Mahali palipochorwa kwenye ubao pawekwe koili ya kuchuja umeme, pana kipande cha waya mtupu. Bati za kutolea joto ni nyembamba kama kifuniko cha mkebe. Kapasita ni ndogo, na nyingine vichwa vyake vimeanza kufura na kutoa maji ya hudhurungi. Ugonjwa huo wa kapasita uliukumba ulimwengu mzima miaka ya mwanzo ya 2000, kwa sababu ya maji mabovu yaliyotiwa ndani yake, na hata makampuni makubwa yaliumia. Lakini hayo yalikuwa maradhi. Koili iliyoachwa makusudi ili kupunguza gharama ni kitu kingine.

Hasara yake haiishii kwenye kuharibika. Tangu mwaka wa 2004 iko alama iitwayo 80 PLUS, ambayo hupewa kisanduku kisichopoteza zaidi ya asilimia 20 ya umeme kinapobeba mzigo mdogo, wa wastani na kamili. Chukua mtambo unaohitaji wati 200. Kwa kisanduku cha asilimia 80, utavuta ukutani wati 250, na 50 zitakuwa joto. Kwa kisanduku duni cha asilimia 65, utavuta karibu wati 308, na zaidi ya 100 zitageuka joto, nalo joto hilo ndilo linalolifanya panka kupiga kelele na kapasita kufura. Kwa hiyo aliyenunua cha rahisi hulipa mara ya pili kila mwisho wa mwezi katika bili ya stima.

Kuna na hatari nyingine katika mitambo iliyotumika inayoletwa kutoka ng'ambo. Baadhi ya visanduku vya zamani vina swichi ndogo nyekundu nyuma, ya kuchagua volti 115 au 230. Marekani hutumia umeme wa volti 120 hivi. Mtambo ukitoka huko na swichi yake ikiwa kwenye 115, kisha ukachomekwa katika ukuta wa Mombasa, hupasuka kwa kufumba na kufumbua. Kuitazama swichi hiyo ni kazi ya muuzaji kabla mtambo haujatoka dukani, na haimgharimu hata senti.

Hukumu yake

Jambo hili laonekana kama la mafundi, lakini kwetu sisi Waislamu lina mlango wake uliokwisha kufunguliwa zamani. Qurani ina sura nzima, ya 83, iliyopewa jina la wapunjaji, nayo yaanza kwa kuwaonya wale ambao wakipokea hutaka kipimo kitimie, na wakitoa hupunguza. Hakuna mwanachuoni atakayesema kuwa onyo hilo ni la nafaka pekee. Wati ni kipimo. Ampia ni kipimo. Aliyeandika 500 akatoa 200 ameingia katika mlango huo kwa miguu yake miwili.

Na katika hadithi iliyopokewa na Imamu Muslim, Mtume, rehema na amani zimshukie, alipita sokoni akakuta chungu ya chakula, akatia mkono ndani, vidole vyake vikakuta umaji. Mwenyewe akaeleza kuwa kilipigwa na mvua. Mtume alimhoji kwa nini hakukiweka kile kilicholowa juu ili watu wakione, kisha akamtenga mdanganyifu na umma wake. Wasomaji, tulitazame jambo hilo vizuri. Yule mtu hakukiharibu chakula yeye. Kiliharibiwa na mvua. Lawama ilimfika kwa sababu ya kuficha. Basi muuzaji wa kisanduku hawezi kujitetea kwa kusema, "Si mimi niliyekitengeneza, kimekuja hivyo kutoka ng'ambo." Ikiwa ajua kilicho ndani, na akaacha lebo iseme kwa niaba yake, ameweka kikavu juu na kilicholowa chini.

Fikihi yetu ya Kishafii nayo imempa mshitiri khiari ya kurudisha kitu kilichouzwa kikiwa na aibu iliyofichwa. Hata sheria ya nchi yaelekea huko huko: Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 46, yampa mnunuzi haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa na haki ya kuelezwa habari za kile anachonunua, na mwaka wa 2012 ilipitishwa Sheria ya Kulinda Wateja. Juu ya hayo yote, risiti za maduka mengi zapigwa muhuri kwamba mali ikiuzwa hairudishwi, nasi twaona muhuri huo kana kwamba umeshuka kutoka mbinguni.

Neno la wenye maduka

Wenye maduka wana jibu lao, na haki yao tuwasikilize. Wasema: "Sisi twaleta kinachotakiwa. Mteja akija hauliza ampia, auliza bei. Ukimwonyesha kizuri, akucheka na kwenda kwa jirani." Hapo wasema kweli, na kweli hiyo yatuuma. Mtu atatoa fedha nyingi kwa skrini pana na sanduku lenye taa za rangi, kisha kwa kile kinachoshikilia uhai wa vyote hivyo atapigania shilingi mia. Fundi akimwambia, "Hiki hakikufai," humwona fundi kuwa ataka kumla.

Lakini jibu hilo halimwokoi muuzaji. Hakuna aliyemkataza kuuza cha rahisi. Maskini ana haki ya kununua kulingana na mfuko wake, na kisanduku cha wati 200 za kweli chatosha kabisa kwa kompyuta nyingi za afisini za kuandikia barua na kupiga hesabu. Auze hicho, akiite 200, na akitie bei ya 200. Hata kisanduku kilichotumika, kikiwa cha asili ya mtambo wenyewe, kimepimwa na kusafishwa, ni bora mara nyingi kuliko kipya chenye 500 za karatasi. Umaskini wa mnunuzi ni sababu ya kushusha bei. Haujapata kuwa sababu ya kushusha kipimo.

Basi kila mtu na ashike fungu lake. Mnunuzi asome jedwali wala asisome herufi kubwa peke yake. Ainue kisanduku mkononi, kwa kuwa kilicho chepesi kama kijaluba aghlabu kina upungufu, ingawa uzito pekee si ushahidi. Na akitie katika mtambo kifanye kazi mbele yake kabla hajalipa. Fundi awe na mita, apime njia za volti 12, 5 na 3.3 mtambo ukiwa na mzigo, na aseme alichokiona hata kama mwenye duka ni rafikiye. Naye alipwe kwa kusema kweli, wala si kwa kubadilisha kitu tu. Kamati za madrasa na misikiti zinazopokea kompyuta za msaada zisione haya kuuliza habari za kisanduku, kwani watakaokaa mbele yake ni watoto wa watu. Shirika la Ukadiriaji Ubora wa Bidhaa litutazamie na wati, kama linavyotazama vyakula. Na masheikh wetu, wanapotoa darasa la biashara, waongeze mfano mmoja mpya juu ya ile ya mchele, nguo na dhahabu.

Mwenyezi Mungu amewajaalia watu wa mwambao huu soko la tangu na tangu, na jina la uaminifu ambalo mabaharia walilibeba mpaka ng'ambo ya bahari. Jina hilo halikujengwa kwa lebo. Lilijengwa na watu ambao mkono wao ulitimiza pishi hata mnunuzi alipokuwa amegeuza uso. Mnunuzi wa leo amegeuza uso kwa sababu hajui kusoma wati, na hapo ndipo mkono wa muuzaji unapojaribiwa.